Oveni ya kukaushia rodi za kuchomelea: shajara ya mradi, Tanga 2024

9 Machi 2024: Tunachojenga na sababu yake

Tunajenga vitu viwili kwenye karakana yetu hapa Tanga: kabati la kutunzia rodi zilizo kavu, na oveni ya kukausha zile zilizokwisha kunywa unyevu. Nitaandika kila hatua ikikamilika, pamoja na bei zake, ili fundi mwingine wa pwani achukue kilichofanya kazi na aruke kilichotula fedha. Nyuzi joto zote humu ni za Sentigredi.

Kazi yetu kubwa ni matela ya trekta kwa mashamba ya mkonge. Mwezi uliopita tela moja lilirudi mkono wake wa kuvutia ukiwa na ufa. Dereva alituonyesha kwa kidole: "Fundi, mshono umeshika. Kilichokatika ni chuma pembeni yake." Alisema kweli. Ufa ulifuata ukingo wa mshono, milimita moja au mbili ndani ya chuma, umenyooka, na chuma hakikuonyesha dalili yoyote ya kupinda kabla ya kukatika. Mkono ule ulitokana na ekseli kuukuu ya lori, nasi tuliuunga kwa rodi za aina ya E7018 za pakiti iliyofunguliwa tangu vuli.

Ufa wa namna hiyo chanzo chake kinajulikana. Maji yaliyomo kwenye ganda la rodi (unga uliogandishwa juu ya waya wake) yakikutana na moto wa kuchomelea huvunjika, na haidrojeni yake huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Mshono ukipoa, haidrojeni husambaa hadi kwenye ukanda ulio kando yake, ule uliopashwa moto bila kuyeyuka. Chuma chenye kaboni nyingi, kama ekseli na springi, ukanda huo huwa mgumu sana ukipoa haraka. Ugumu, haidrojeni na mvutano vikikutana mahali pamoja, chuma hupasuka. Tena hakipasuki pale pale. Huweza kuchukua saa kadhaa, hata siku mbili au tatu, wakati kazi imeshapakwa rangi na mteja ameshalipa.

E7018 imetengenezwa kwa ajili ya kuzuia jambo hilo. Ganda lake lina chokaa na floraiti badala ya vitu vinavyobeba maji, na ndiyo maana huitwa rodi ya haidrojeni kidogo. Lakini sifa hiyo inadumu maadamu ganda ni kavu. Rodi zenye herufi R mwishoni, kwa mfano E7018 H4R, hupimwa kiwandani kwa kuachwa wazi saa 9 kwenye joto la nyuzi 27 na unyevu hewani wa asilimia 80. Mtu wa Tanga akisoma sharti hilo anaona hali ya hewa ya nyumbani kwake. Yaani kipimo cha kuzitesa rodi huko kiwandani ndiyo asubuhi yetu ya kawaida wakati wa masika.

16 Machi: Kukagua akiba, na jaribio la jua

Tumetoa rodi zote kwenye rafu na kuzitenga. Kabla ya kufikiria oveni ni lazima kujua una rodi gani, kwa sababu hazikaushwi kwa namna moja:

E6010 na E6011 zina ganda la selulosi na zinahitaji unyevu wake ili moto uchimbe vizuri. Hizi hazipelekwi kwenye oveni kabisa. Zinatakiwa kopo lenye kifuniko, basi.

E6013, rodi ya mageti na madirisha ambayo kila karakana inayo, huvumilia sana. Ikilowa kidogo hurusha matone, hutoa vitundu mwanzoni mwa mshono, na takataka ya juu hugoma kutoka. Joto la wastani kwa muda mfupi linaitosha.

E7018 ndiyo inayohitaji joto kubwa hasa.

Dalili tulizotumia kutenga ni tatu. Ya kwanza ni kutu kwenye waya, sehemu ya kushikia. Ya pili ni vumbi jeupe, kama ukungu, juu ya ganda. Hilo hutoka kwenye silikati inayogandisha unga, ikishakutana na unyevu na hewa ya ukaa. Ya tatu ni sauti. Shika rodi chache mkononi uzitikise: kavu hulia kwa mlio mkali wa chuma, zenye maji hulia kwa mlio mzito uliozimika. Masikio ya kijana wetu anayejifunza yalizoea tofauti hiyo mara moja, na sasa hakuna rodi inayopita mkononi mwake bila kutikiswa. Zilizoonekana zimelowa hasa, zile zilizokuwa rafu ya chini karibu na ukuta unaovuja, tumezitenga kwa kazi zisizobeba mzigo. Kanuni ya Marekani ya uchomeleaji wa vyuma vya ujenzi, AWS D1.1, inasema rodi ya haidrojeni kidogo iliyolowa maji haitumiki tena, na oveni haibadilishi hukumu hiyo.

Mafundi wengi hapa huanika rodi juani juu ya bati. Tulitaka kujua kwa hakika linafanya nini, hivyo tuliazima mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Rodi moja ya milimita 3.2 ina uzito wa gramu 37 hivi. Waya wake ni kama gramu 22, na zinazobaki 15 ni ganda. Tulifunga rodi kumi za E7018 za pakiti ya vuli, tukazipima, tukazianika juu ya bati tangu saa nne asubuhi. Bati lilifika nyuzi 58. Alasiri rodi kumi zilikuwa zimepungua gramu 0.6. Tukaziacha kwenye rafu usiku, na asubuhi uzito ulikuwa umerudi karibu wote.

Jua, basi, linatoa maji yaliyokaa juujuu tu. Maji yaliyojifunga ndani ya silikati ya ganda hayaondoki mpaka joto lipite nyuzi 300 na kitu. Hapo ndipo wazo la kuanika kwa bidii zaidi lilipoishia.

Wengine huzibandika rodi kwenye chuma kwa makusudi, umeme wa mashine ukipita, mpaka ziwe nyekundu, wakiamini zimekauka. Njia hiyo hupasha waya kutokea ndani, ganda hupasuka, na rodi huanza kupukutika ukiwa katikati ya mshono. Hatukupoteza rodi kuijaribu.

30 Machi: Kabati la friji

Hatua hii ni rahisi na kila karakana inaweza kuimaliza kwa mchana mmoja. Tulinunua friji mbovu kwa shilingi 20,000, tukaondoa kompresa, tukaweka rafu za nondo za milimita 8 na balbu chini.

Balbu ndiyo iliyotusumbua. Zinazouzwa madukani siku hizi ni za kuokoa umeme, na hizo hazitoi joto la maana; friji ilikaa siku nzima bila kuzidi joto la chumba. Balbu ya zamani, yenye waya unaowaka ndani, ya wati 60 tuliipata kwenye duka la pembejeo za mifugo, kwa wanaouza vifaa vya kulelea vifaranga, kwa shilingi 3,000. Nunueni mbili, ya akiba iwepo.

Mara ya kwanza tuliifunga karibu na ukuta wa nyuma. Plastiki ya ndani ya friji ililainika na kuvimba kama chapati. Sasa balbu iko katikati, juu ya kipande cha bati, na ina kizimba cha waya ili pakiti isiiangukie.

Tatizo la pili lilikuwa maboksi. Tuliingiza pakiti na karatasi zake, na karatasi zilikuwa na maji mengi kuliko rodi. Mlango ulifungwa barabara, unyevu ukakosa pa kwenda, na kioo cha kipima unyevu kikafanya umande. Tulitoboa tundu la milimita 10 chini na lingine juu, tukatoa rodi kwenye maboksi, na mambo yakakaa sawa.

Hesabu yake ni nzuri kuielewa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 42 bila kuiongezea wala kuipunguzia maji, unyevu wake hushuka chini kidogo ya asilimia 40. Maji ni yale yale, ila hewa ya moto ina nafasi ya kuchukua zaidi, kwa hiyo haizipi rodi maji. Kipima chetu cha bei nafuu kinasoma kati ya 36 na 41, karibu na hesabu.

Lakini kabati hili linatunza, halikaushi. Tuliweka rodi kumi za vuli ndani na kuzipima tena baada ya wiki mbili: gramu 0.3 tu zilikuwa zimeondoka. Yeyote atakayejenga friji ya balbu na kudhani ameponya E7018 zilizolowa amejidanganya kwa jambo zito. Kwa E6013 inatosha. Kwa E7018 hata kutunza tu kunatakiwa nyuzi 120 hadi 150, joto ambalo lingeyeyusha friji yenyewe.

13 Aprili: Jiko chakavu la umeme halifai

Kazi ilikwenda polepole Ramadhani yote; baada ya Idi tumerudi. Tulikuwa tumenunua jiko chakavu lenye oveni kwa shilingi 40,000, tukitarajia kulitumia kama lilivyo. Halikufaa, na ni vyema niseme kwa nini maana ndiyo njia ya kwanza inayomjia kila mtu.

Themostati ya oveni ya mikate inaishia nyuzi 250. AWS D1.1 inataka E7018 zilizokaa wazi kupita muda wake zikaushwe angalau saa 2 kati ya nyuzi 260 na 430, na watengenezaji wengi wa rodi hutaja 340 hadi 400 kwa saa moja. Kwa hiyo hata ukiigeuza hadi mwisho hujafika mlangoni. Isitoshe, tulipoweka kipimajoto chetu ndani huku kitasa kikiwa kwenye 250, kilisoma 205 karibu na mlango na 270 chini ya koili. Raba ya mlango nayo ilianza kunuka.

Tulivunja jiko na kuokoa koili mbili za wati 1,000, rafu za waya na bawaba. Nionye pia: oveni ikishawahi kukausha rodi hairudi jikoni. Ganda la E7018 lina floraidi, na vumbi lake halipaswi kukaribiana na chakula cha watu.

27 Aprili: Sanduku jipya

Sanduku la ndani ni bati jeusi la milimita 1.5, upana 400, kimo 400, kina 450, ili rodi ya 350 ilale bila kugusa ukuta. Tulikataa bati la mabati lililobaki kwenye paa, ingawa lilikuwa bure, kwa sababu zinki haikuwekwa pale kukaa kwenye nyuzi 350 na moshi wake ni sumu. Sanduku la nje ni bati la milimita 1. Katikati kuna nafasi ya milimita 75 iliyojazwa sufi ya mwamba ya kuzuia joto lisitoke, tuliyoagiza Dar es Salaam kwa shilingi 85,000 pamoja na nauli ya basi. Vaeni glavu na barakoa mnapoikata.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kulitoa moshi mwingi wa kahawia wenye harufu ya kuungua. Hiyo ni gundi inayoshikamanisha sufi. Huungua joto likipita nyuzi 200 na kitu, kisha haitokei tena. Tuliitoa oveni uani, ikawaka tupu mchana kutwa hadi moshi ukaisha. Fanyeni hivyo kabla ya kuweka rodi yoyote.

Kilichoshindwa hatua hii ni nyaya. Tulileta nyaya za kawaida za nyumba hadi kwenye miguu ya koili, na ganda lake la plastiki, ambalo limekadiriwa kwa nyuzi 70, likatiririka. Bahati nzuri sakiti breka ilikata. Tumeziondoa zote kwenye eneo la joto na kuweka nyaya zenye soksi ya nyuzi za kioo, zikiungana kwenye kiungio cha kauri nje ya sufi. Mwili wa oveni umeunganishwa na waya wa athi (waya wa ardhini) kwa boliti, rangi ikiwa imekwanguliwa chini yake mpaka chuma kionekane. Oveni ya chuma yenye koili ndani na isiyo na athi inaweza kuua mtu, na hili sitaki fundi yeyote anayenakili kazi hii aliruke.

Mlango umezibwa kwa kamba ya nyuzi za kioo, ile ya milango ya majiko ya kuni. Raba ya silikoni haivumilii joto hili kwa muda mrefu. Juu kuna tundu la milimita 12 la mvuke kutokea, lenye kifuniko cha kuzungusha.

6 Mei: Joto la kioo na joto la rodi

Mwishoni mwa wiki tulifunga karakana kwa tahadhari ya kimbunga Hidaya, kilichogonga pwani ya kusini tarehe 4. Huku kwetu yalikuwa mawingu na upepo, na leo tumerudi kupima.

Tunatumia kidhibiti joto cha namba, themokapo (waya wa kupimia joto) aina ya K na rilei ya elektroniki ya ampea 25 (swichi inayowasha na kuzima koili kwa amri ya kidhibiti), vyote kwa shilingi 72,000. Themokapo tuliipenyeza ukutani, karibu na koili, kwa kuwa ndiko kulikokuwa rahisi kutoboa. Kioo cha kidhibiti kikaandika 350 kwa muda mfupi wa kufurahisha. Themokapo ya pili, ya kuazima, tukaifunga kwa waya katikati ya rodi za rafu ya kati. Ikasoma 238.

Tofauti ya nyuzi mia na zaidi ina maana hii: fundi anaamini amekausha, anaweka rodi kwenye kazi ya mzigo, na ndani ya ganda maji bado yapo. Namwomba kila atakayejenga asiamini kioo mpaka apime palipo na rodi.

Tulirekebisha mambo matatu. Bati la kinga limewekwa juu ya koili ili rodi za chini zisipigwe na mwako wa moja kwa moja. Ganda la rafu ya chini lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Themokapo imehamishiwa katikati, ncha yake ikigusa rodi. Na rodi hatuzipangi tena kwa kifurushi: ni tabaka mbili, tatu zikizidi sana, kila rafu, zikiwa nje ya kopo. Kopo na mafungu manene huzuia joto, rodi za katikati zikabaki nyuma kwa saa nzima. Sasa tofauti kati ya rafu ya juu na ya chini ni nyuzi 18. Tumeweka 370 kwenye kidhibiti ili iliyo baridi kuliko zote ipite 350.

Umeme ulikatika katikati ya jaribio. Mlango haukufunguliwa, na ulipowaka tena kioo kilisoma 190, tukaendelea na kuanza kuhesabu muda upya baada ya kufika juu. Sufi ile imelipa gharama yake siku hiyo.

18 Mei: Rilei iliyogoma kuzima

Hili ni la hatari kuliko yote yaliyotupata. Kidhibiti kilikuwa kinaonyesha kimezima, taa ya rilei imezima, lakini joto likawa linapanda: 380, 400, 430. Tukakata umeme ukutani. Rilei za aina hii zikiharibika mara nyingi huharibika zikiwa zimefunga mzunguko, yaani umeme hupita moja kwa moja na kidhibiti hakina la kufanya. Yetu ilikuwa imefungwa kwenye bati la nje lenye joto, bila pezi za kupozea. Koili mbili ni wati 2,000, kama ampea 9, na rilei ya 25 ilionekana kubwa kupita kiasi. Ila namba hiyo ni ya rilei iliyopozwa vizuri.

Mpya ni ya ampea 40, juu ya pezi la alumini lililopakwa mafuta ya kupitisha joto, ndani ya kisanduku kilicho sentimita 30 mbali na oveni. Pamoja nayo tumeongeza kontakta ya kawaida (swichi kubwa ya kukata umeme) inayoendeshwa na swichi ya joto ya pili, inayojitegemea, iliyowekwa kukata ikifika nyuzi 420. Shilingi 61,000 zimeongezeka, na nisingeiwasha oveni hii tena bila hiyo.

Rodi zilizokuwemo tumezitupa. Joto likizidi, ganda huwa tete na vile viungo vya kuondoa oksijeni kwenye chuma huungua kabla ya kazi.

8 Juni: Mizani, na ekseli

Jaribio kamili la kwanza. Rodi kumi za E7018 za pakiti ya vuli ziliingia oveni ikiwa kwenye nyuzi 150, zikakaa nusu saa. Sharti ni kwamba zisipashwe ghafla: zianze kwenye joto lisilozidi nusu ya lile la mwisho, kwa angalau nusu saa, ili mvuke utoke bila kupasua ganda. Kisha 370, saa 2. Zikapoa hadi 120 ndani, zikamaliziwa kupoa kwenye kopo lililofungwa, ndipo zikapimwa. Mizani ya sonara hudanganya ukiiwekea kitu cha moto.

Zimepungua gramu 2.8. Ganda la rodi kumi ni gramu 150 hivi, kwa hiyo lilikuwa na maji karibu asilimia 1.9. Kiwango cha rodi hizi, AWS A5.1, kinaruhusu asilimia 0.6 kwa E7018 ya kawaida ikitoka kiwandani. Tulikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo, na ndizo tulizoungia mkono wa tela. Rodi kumi kutoka kopo jipya lililofunguliwa siku hiyo zilipoteza gramu 0.4 tu kwa mzunguko ule ule.

Kando yake tuliweka E6013 chache rafu ya chini, kuona. Zilitoka kahawia, moto wake ukawa wa kuruka na kuzimika, takataka ya juu ikang'ang'ania. Ganda lake lina selulosi kidogo, nayo iliungua. Aina hii tunaipeleka peke yake, nyuzi 110 kwa saa moja, pale tu inapoonyesha dalili. Kwa kawaida friji inatosha.

Kisha ekseli. Tulikata vipande vya ekseli ile ile, tukavichomelea kwa namna tatu: kwa rodi za vuli zisizokaushwa, kwa rodi zilizokaushwa, chuma kikiwa baridi, na kwa rodi zilizokaushwa, chuma kikiwa kimepashwa hadi nyuzi 250 kisha kuzikwa kwenye majivu makavu kipoe polepole. Tukaviacha siku tatu. Ukaguzi ni wa mafuta ya taa na chaki: safisha, paka mafuta ya taa, ngoja, futa mpaka pakauke, paka chaki iliyosagwa, na ufa utajichora wenyewe mafuta yakipanda.

Kipande cha kwanza kilichora mstari urefu wote wa ukingo wa mshono, mwembamba, wa kijivu juu ya weupe. Cha pili kilichora mstari mfupi mwishoni, pale moto ulipokatwa. Cha tatu kilibaki cheupe. Nimekikagua tena leo kwa kioo cha kukuzia na hakuna kitu.

Kipande cha pili kisipuuzwe. Rodi kavu peke yake haiokoi ekseli wala springi. Bila kupasha chuma kabla na kukipoza taratibu, ugumu wa ule ukanda unabaki. Oveni inaondoa sababu moja kati ya tatu. Kwa bomba, engo na bati za kawaida za kaboni kidogo, ambazo hazigandi kwa ugumu huo, hali ni nyepesi zaidi.

29 Juni: Utaratibu wa sasa na hesabu

Oveni sasa inafanya kazi mbili. Ijumaa jioni inakausha kundi moja kwa 370, kisha kidhibiti kinashushwa hadi 130 na rodi zinabaki humo wiki nzima zikingoja kazi. Mzunguko wa kukausha unakula uniti 4 hivi kwenye mita ya LUKU. Kutunza kwa 130 kunakula uniti 4 hadi 5 kwa siku, na hiyo ndiyo gharama inayouma. Kwa hiyo wiki isiyo na kazi ya mzigo tunazima, rodi zinafungwa kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, na kopo linaingia kwenye friji likiwa na alama.

Alama ni ya lazima kwa sababu rodi hukaushwa mara moja tu. Kila iliyopita kwenye oveni inapakwa mstari wa chaki ya chuma kwenye sehemu ya kushikia. Ikirudi bila kutumika na muda wake wa kukaa wazi umepita, inakwenda kwenye ndoo ya kazi ndogondogo. Muda unaoruhusiwa kwa E7018 ya kawaida ni saa 4 nje ya oveni, na saa 9 kwa yenye R. Kwa hewa yetu tumeamua saa 2 kwa zote zisizo na R. Fundi anachukua rodi za saa mbili, anaandika muda ubaoni, zilizobaki anarudisha.

Kwa kazi za shambani tulijaribu bomba la plastiki lenye kizibo. Rodi za moto zililipinda, na zilizopoa zilitoa umande ndani kizibo kilipofunguliwa asubuhi. Badala yake tumetengeneza mkebe wa bomba la chuma la inchi 3, lenye kifuniko cha kuzungusha na koti la sufi iliyobaki. Rodi zikitiwa kwa nyuzi 130 bado ni za moto mkononi baada ya saa mbili. Tunahesabu muda kama kawaida tangu kifuniko kifunguliwe shambani.

Gharama yote, kwa shilingi: friji na balbu mbili 26,000, jiko chakavu 40,000, bati jeusi na bati la nje 148,000, sufi 85,000, kidhibiti, themokapo na rilei ya kwanza 72,000, rilei ya pili, pezi, kontakta na swichi ya joto 61,000, nyaya za joto, kauri, kamba ya mlango na breka 54,000. Jumla 486,000, bila kuhesabu nguvu zetu. Atakayeanza na rilei kubwa na nyaya sahihi, na asiyenunua jiko zima kwa ajili ya koili mbili, ataokoa kama 60,000.

Mkono wa tela tumeukata na kuutengeneza upya kwa bamba la chuma laini badala ya ekseli, kwa E7018 za oveni. Umekaguliwa kwa mafuta ya taa na chaki baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili za kubeba mkonge. Haujachora mstari. Kinachofuata ni kuweka saa ya kuzima yenyewe, maana kwa sasa kuna mtu analazimika kubaki karakana Ijumaa hadi usiku, na kutafuta themokapo ya pili ya kudumu kwa rafu ya chini. Bei zake nitaziandika hapa zikipatikana.